Taka hazijazolewa: namna ya kuibana manispaa kwa karatasi

Kwa miaka mitano nilikuwa mjumbe wa kamati ya mtaa, nafasi za wanawake, hapa Dar es Salaam. Nilichaguliwa Novemba 2019, nikamaliza Novemba 2024, sikugombea tena. Riziki yangu ni cherehani. Nashona sare za shule kwenye kibanda, na hatua kama ishirini kutoka mlangoni ndipo kilipo kizimba cha taka cha mtaa mzima. Kwa hiyo haya sikuyapata semina. Nimeyanusa.

Masika ya 2021 gari la taka lilikaa wiki tano bila kupita. Viroba vilipanda hadi usawa wa dirisha langu, funza wakawa wanavuka barabara. Mteja mmoja alikuja kuchukua sare za wanawe, akazinusa, akanirudishia nizifue kwanza. Siku hiyo niliacha kulalamika nikaanza kuandika. Ninachotaka kukuonyesha hapa ni hicho tu: uandike nini, umwandikie nani, na ufanye nini barua yako ikikaliwa.

Ujue kwanza kwamba unadai, huombi

Mtaani kwetu kauli ya kawaida ni "tunaiomba serikali itusaidie". Ukija kama muombaji utajibiwa kama muombaji: subiri, Mungu atajalia. Lakini uzoaji wa taka, usafi wa masoko, machinjio, makaburi, vyoo vya umma, haya si hisani ya mtu.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 145, inataka vyombo vya serikali za mitaa viwepo. Ibara ya 146 inaeleza vipo kwa ajili gani: kupeleka madaraka kwa wananchi. Chini yake ziko sheria mbili za mwaka 1982. Namba 7 ni ya mamlaka za wilaya, na Namba 8 ni ya mamlaka za miji, ambayo ndiyo yetu sisi wa manispaa na majiji. Utazikuta pia zikiitwa Sura ya 287 na Sura ya 288. Hiyo ya miji inaibebesha halmashauri kazi ya kutunza usafi wa eneo lake na kuondoa kero zinazohatarisha afya za watu.

Halafu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004. Hii naipenda kuliko zote. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamfungulia njia ya kwenda mahakamani haki hiyo ikiguswa. Mbele zaidi, kwenye mambo ya taka ngumu, sheria inazitaja mamlaka za serikali za mitaa zenyewe kuwa ndizo zitakazosimamia taka zikusanywe, zihifadhiwe, zisafirishwe na kutupwa panapostahili. Iwe halmashauri imemweka mkandarasi, iwe imewapa kazi vijana wenye guta, wajibu haujahama.

Hapo papige mstari, maana jibu la kwanza utakalopewa ni "hiyo kazi ya mkandarasi". Mkandarasi kawekwa na nani? Wewe hukusaini naye chochote. Aliyesaini ndiye wa kumwandikia.

Nawe una upande wako. Ada ya taka ilipwe, na ilipwe kwa kumbukumbu namba au kwa mashine inayotoa risiti. Anayekuja na daftari la mkono mwambie arudi na mashine. Sisemi hivyo kwa ukorofi. Risiti hizo ndizo nilizokuja kuziambatisha kwenye barua, na nyumba ambazo hazikuwa nazo zilibaki kupiga kelele tu.

Kazi ni ya nani? Hapa nilipoteza miezi mitatu

Mtaa wetu ulikuwa na matatizo mawili yaliyoshikana kama pacha. Taka hazikuzolewa, zikaingia mtaroni, mtaro ukaziba, mvua ikaingiza maji kwenye nyumba za bondeni. Mimi kwa haraka zangu nikayaweka yote kwenye barua moja, nikaipeleka manispaa. La mtaro halikujibiwa. Niliendelea kusubiri hadi mhandisi mmoja, tuliyekutana msibani wala si ofisini, aliponiambia, "Mama, mtaro wa barabara ile si wa manispaa. Ni TARURA." Barabara za mijini na vijijini ziko chini ya wakala huo tangu 2017, na mitaro ya barabara huenda na barabara yake. Barabara kuu na za mikoa ni TANROADS. Mimi nilikuwa nagonga mlango wa nyumba ambayo mwenyewe kahama.

Kwa hiyo kabla hujashika kalamu, ligawe tatizo lako. Taka, soko, machinjio, choo cha stendi, biashara inayotiririsha uchafu: halmashauri. Bomba la maji limepasuka au chemba ya majitaka inafurika: kwa Dar es Salaam ni DAWASA, na vijijini maji ni RUWASA. Nguzo ya umeme imelala, TANESCO. Mto umekula kingo unasogelea nyumba, kama wenzetu wa kando ya Msimbazi wanavyojua, hapo inaingia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Tatizo likigusa ofisi mbili, andika barua mbili. Usiandike moja yenye nakala kwa kila mtu, maana kila mmoja ataisoma akadhani mwenzake ndiye anayehusika.

Na watu nao uwajue. Mjumbe wa nyumba kumi ni mtu wa chama. Mheshimu, msalimie, lakini si serikali, na malalamiko uliyompa yeye hayajafika popote kisheria. Mwenyekiti wa mtaa mmemchagua, ana mhuri, ana heshima yake, ila hana fungu la kununulia hata reki. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye katibu wa vikao vyenu, na anachokipokea yeye halmashauri imekipokea. Juu yake yupo mtendaji wa kata, pamoja na afisa afya ambaye wote tunamwita bwana afya hata akiwa mwanamke. Wote hao wako chini ya mkurugenzi. Barua yako iende kwa mkurugenzi, kwa cheo chake, si kwa jina lake. Wakurugenzi huhamishwa, cheo kinabaki kitini.

Jambo dogo linalowachanganya waliotoka vijijini: kule halmashauri ya kijiji ni chombo chenye utu wa kisheria, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Mtaa wa mjini hauna hadhi hiyo. Ugomvi wako wa kisheria mjini ni na halmashauri ya manispaa, mji au jiji.

Mkutano wa mtaa si wa kupiga makofi

Watu hawaendi. Nami nilikuwa siendi. Mkutano unaitwa Jumapili saa nne, unaanza saa sita, mwenyekiti anasoma taarifa, wazee wawili wanagombana kuhusu mpaka, basi. Lakini mkutano huo una kitu ambacho simu elfu moja hazina, nacho ni muhtasari.

Mwambie mwenyekiti au mtendaji mapema, kabla tangazo halijabandikwa, kwamba unataka taka ziwe ajenda yenye namba yake. Ukiziacha ziingie kwenye "mengineyo" zitafia huko. Siku yenyewe nenda na majirani, muandike majina kwenye karatasi ya mahudhurio, na mtu mmoja asimame atoe hoja kwa maneno ambayo katibu anaweza kuyaandika: mkutano unaazimia kumwandikia mkurugenzi kuhusu kutozolewa kwa taka tangu tarehe fulani. Muombe katibu alisome azimio palepale. Mara ya kwanza sikufanya hivyo, na muhtasari ulipochapwa ukasomeka "wananchi walihimizwa kutunza usafi".

Wiki ile ile omba nakala ya muhtasari. Ukikawia, daftari litakuwa "limekwenda kata".

Kabla ya yote hayo anza daftari lako mwenyewe. Langu lilikuwa la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, la kawaida kabisa. Kila asubuhi nikifungua kibanda naandika tarehe, kisha "limepita" au "halijapita", na likipita naandika saa na kama lilimaliza kizimba au lilichota juu juu. Hilo la kuchota juu juu ndilo lililokuja kunisaidia, maana dereva angeweza kuapa kwamba alikuja, na kweli alikuja.

Barua yenyewe

Hii hapa, majina nimeyatoa.

*Wakazi wa Mtaa wa ……,*
*Kata ya ……,*
*Dar es Salaam.*
*14 Juni 2021*

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*Halmashauri ya Manispaa ya ……,*
*Dar es Salaam.*

*Kupitia kwa: Mtendaji wa Kata ya ……*

*YAH: KUTOZOLEWA KWA TAKA KATIKA KIZIMBA CHA …… KWA SIKU 37*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Taka katika kizimba tajwa zilizolewa mara ya mwisho tarehe 8 Mei 2021. Kumbukumbu za kila siku na picha sita zimeambatishwa.*

*3. Wakazi wanalipa ada ya taka kila mwezi. Nakala za risiti 23 zimeambatishwa.*

*4. Mkutano wa wakazi uliofanyika tarehe 6 Juni 2021, katika ajenda namba 4, uliazimia kuleta suala hili kwako. Nakala ya muhtasari imeambatishwa.*

*5. Kwa kuwa uondoaji wa taka ni wajibu wa halmashauri kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya 2004, tunataka: (a) taka zizolewe ndani ya siku saba, (b) tupewe kwa maandishi ratiba ya siku za kuzoa, (c) tujulishwe ni nani aliyepewa kazi ya kuzoa taka katika eneo hili.*

*Wenu katika ujenzi wa taifa,*
*(majina na saini 41)*

*Nakala: Mheshimiwa Diwani, Afisa Afya wa Kata, Mwenyekiti wa Mtaa.*

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu na neno "tunaomba" mara saba. Shemeji yangu, karani mstaafu, aliisoma akiwa amevaa miwani ya mkewe, akaikata ikabaki ukurasa mmoja, na penye "tunaomba" akaandika "tunataka". Nikamwambia si ni utovu wa adabu? Akasema adabu iko kwenye "Mheshimiwa" na kwenye ujenzi wa taifa; kwenye madai andika madai. Alifuta pia neno "uzembe" na sentensi yangu kuhusu magari ya kifahari ya wakubwa. Niliuma meno, lakini alikuwa sahihi. Mtu ukimtukana anapata cha kujibu, na atajibu hicho.

Angalia yale madai matatu. La kwanza linatimizwa kwa siku moja. La pili na la tatu ni karatasi, na karatasi ndiyo itakayokubeba gari likishapita mara moja likapotea tena.

Masjala

Barua haijafika hadi igongwe mhuri. Nenda na nakala mbili: moja wanabaki nayo, ya pili inagongwa "IMEPOKELEWA", inaandikwa tarehe na saini, unarudi nayo nyumbani.

Nilipofika masjala, binti wa dirishani, mwenye adabu zake, aliniamkia vizuri, akapokea, akasema, "Iache tu hapo mezani mama, utapigiwa simu." Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, nakusubiri unigongee na yangu." Akasema mhuri anao bosi wake, na bosi kaenda kunywa chai. Nikakaa kwenye benchi. Nikatoa kanzu ya mtoto niliyokuwa nayo kwenye mkoba nikawa napiga pindo kwa mkono. Nilimaliza pindo lote la chini na mkono mmoja. Mhuri ukapatikana kwenye droo.

Ukitumwa uache barua kwa mtendaji wa mtaa, mwambie naye asaini kwenye nakala yako. Barua pepe nayo itume, hakuna ubaya, ila kwa ofisi zetu nakala yenye mhuri ndiyo inayomfanya mtu avute kiti.

Wamekaa kimya

Kila halmashauri ina kijitabu kinaitwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Ndani wameandika wenyewe ni siku ngapi watakujibu. Kiulize hapo hapo masjala, au tazama ukutani, wakati mwingine kimebandikwa nyuma ya mlango ambapo mlango ukiwa wazi hakionekani. Siku hizo zikipita unaandika kumbusho, mistari minne tu: rejea barua yetu ya tarehe fulani, iliyopokelewa tarehe fulani, hatujajibiwa, muda wa mkataba wenu umepita. Ambatisha nakala yenye mhuri.

Kwetu, siku ya tisa gari lilikuja. Lilichota nusu likaondoka, na wiki mbili hatukuliona. Barua haikujibiwa. Ndipo nikatumia silaha ambayo wengi hawaijui: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya 2016. Raia yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma akitaka taarifa iliyo mikononi mwake, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Si lazima ueleze unaitakia nini. Wakikataa, wanatakiwa wakupe sababu.

Siri ni kuomba kitu kimoja chenye jina. Usiandike "tunataka taarifa za taka". Mimi niliomba mkataba kati ya halmashauri na mzoaji wa eneo letu, basi. Siku ya 25 nikapewa fotokopi ya kurasa tano, mbili zimechapwa upande. Nilikaa nayo usiku kwenye cherehani. Ukurasa wa tatu ulisema taka zizolewe mara mbili kwa wiki. Ukurasa wa nne ulisema malipo ya mzoaji yatafanyika baada ya fomu ya mwezi kusainiwa kuthibitisha kwamba kazi imefanyika.

Unaona hapo? Wiki tano gari halikupita, na fomu ya mwezi ipo.

Asubuhi yake niliandika barua ya pili ya taarifa: tunataka nakala za fomu za uthibitisho za mwezi Mei, Juni na Julai. Haikumtuhumu mtu. Iligongwa mhuri Jumatatu. Alhamisi gari likaja na vibarua wanne, wakafagia hadi sakafu ya kizimba, na jioni yake tukaletewa ratiba ya maandishi: Jumanne na Ijumaa. Fomu zenyewe hadi leo sijaziona.

Diwani, na kikao ambacho hakuna anayekwenda

Diwani si wa kumkimbilia ili atoe mfukoni. Kazi yake ni kusema mahali ambapo wewe huna kiti. Ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na ni mjumbe wa Baraza la Madiwani, ambalo hukutana kila robo mwaka. Mpe faili lako wiki mbili kabla ya baraza, lisizidi kurasa nne, pamoja na swali lililokwisha kuandikwa. Wanashukuru. Kisha siku ya baraza nenda ukakae nyuma, kwa kuwa vikao hivyo viko wazi kwa wananchi. Mara niliyokwenda tulikuwa wageni sita, watatu tukiwa wa mtaa wetu. Diwani wetu alitazama nyuma, akatuona, akauliza swali lote hadi nukta ya mwisho.

Kama unachotaka kinahitaji fedha, mathalani kizimba kipya au choo cha soko, angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini bajeti hupikwa miezi mingi kabla. Vipaumbele vya mtaa vinatakiwa viingie kwenye mipango mwishoni mwa mwaka. Ukiamka Aprili unakuta sufuria limeshaepuliwa.

Kuhusu Mkuu wa Wilaya: watu wanapenda sana kumsubiri aje kusikiliza kero. Si mtu wa halmashauri, ila akisema neno magari hukimbia. Sina ugomvi na hilo. Lakini gari la siku ya mkuu ni gari la siku hiyo. Ukibahatika kushika kipaza sauti, usisimulie. Soma tarehe za barua zako, kisha mkabidhi nakala mbele ya watu.

Ikishindikana kabisa

Ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Inapokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma, unaandika barua ya kawaida tu, bila wakili. Haitoi hukumu kama mahakama, inachunguza na kutoa mapendekezo, lakini barua yake ikitua mezani kwa mkurugenzi haikai kama ya kwako.

Kisha ni mahakama, na wala usicheke. Dar es Salaam hii hii wakazi wameshawahi kuishinda Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya taka, tena zaidi ya mara moja. Zamani taka za jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, kesi Namba 299 ya 1988, na Jiji likaamriwa liache. Halikuacha. Likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda, kwamba halina pengine pa kumwaga. Jaji Lugakingira akakataa, akaitaja Ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi, na kusema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 mkazi mmoja na wenzake 794 nao wakaenda Mahakama Kuu. Eneo lile lilikuwa limepangwa kuwa la makazi, na mahakama ikazuia umwagaji na kuliamuru Jiji litafute dampo linalofaa. Baada ya hapo taka zikaenda Vingunguti, zikaenda Mtoni, na leo ziko Pugu. "Hatuna pa kumwaga" na "hatuna bajeti" ni dada wa tumbo moja, na ukiambiwa hivyo kumbuka kwamba kuna jaji alishalisikia moja akalikataa.

Lakini njia ina milango yake, na kukosea mlango mmoja ni kufukuzwa bila kusikilizwa. Kesi ya madai dhidi ya halmashauri inatanguliwa na notisi ya siku 90, ikieleza unadai nini na kwa sababu gani, na nakala ziende kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, na kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Njia nyingine ni kuomba Mahakama Kuu iiamuru halmashauri itimize wajibu wake, kama walivyofanya wa Kunduchi. Huko unaanza kwa kuomba kibali, na kibali kinaombwa ndani ya miezi sita tangu uamuzi unaoulalamikia. Kwa hiyo barua ya kukataliwa usiichane kwa hasira, tarehe yake ndiyo saa yako. Kwa hatua hii tafuta wakili au wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mojawapo ya sehemu za kuanzia. Atakachokuuliza wakili wa kwanza ni kimoja tu: karatasi ziko wapi?

Sisi hatukufika huko. Gari lilipita Jumanne na Ijumaa kwa mwaka mzima na ushei, kisha likawa Jumanne tu, nikaandika tena, likarudi. Mtaro ulizibuliwa baada ya barua kwenda mahali pake. Desemba 2024 mjumbe mpya, binti mdogo anayeuza vipodozi, alikuja kibandani nimkabidhi kazi. Nikampa faili la plastiki lenye barua 11 zilizogongwa mihuri, daftari la kurasa 96, na la pili lililofika katikati. Kwenye jalada la ndani nilikuwa nimeshamwandikia kwa wino mwekundu: mtaro ni TARURA.